Itaingia Tu, Mzee

Leo kijana wa bodaboda hajaleta hesabu na sina ubavu wa kumdai, maana pikipiki yenyewe iko sebuleni kwangu, imeegemea kabati la vyombo. Mama watoto anaipita kwa ubavuubavu bila kusema neno. Mnakijua kimya kile.

Kisa ni fundi wetu wa chini ya mwembe. Plagi, ile ya kuwashia moto ndani ya injini, inaanzwa kwa vidole, mizunguko miwili mitatu, ikishakaa ndipo spana. Yeye kaanza na spana, tena kimshazari, kakaza kama anafunga nati za meli. Hedi, kile kifuniko cha silinda plagi inapofungwa, ni aluminiamu, jamani! Nyuzi za tundu la plagi zikalala. Kumuuliza, ananiambia, "Mzee, hii ilikuja na matatizo yake."

Dawa ninayo kichwani: tapu, chuma cha kuchonga nyuzi ndani ya tundu, ya 12 kwa 1.25, yaani unene milimita 12, na uzi hadi uzi milimita 1.25. Unaipaka grisi ili chenga zinase zisidondokee kwenye silinda, unaizungusha kwa mkono, nusu mbele, robo nyuma, nyuzi zinasimama tena. Basi nikachomekea shati, nikaifunga plagi ya zamani kwenye gazeti iwe sampo, nikashika njia ya Kariakoo. Daladala sizisemi.

Duka la kwanza mwenye ufunguo wa kabati kaenda kuswali. La pili hawana tapu ila wana seti ya spana, nafasi ya namba 10 ipo, spana yenyewe haipo. La tatu nikapokewa na kijana mchangamfu.

"Karibu kiongozi!"

"Nataka tapu, 12 kwa..."

"Ipo!"

Sijamaliza, ipo. Akapanda juu ya ndoo, akashusha sanduku ambalo ndani yake tapu, misumari ya bati na keekee zilizovunjika wanaishi pamoja bila ndoa. Akachomoa ya kwanza. Nikasoma: 12 kwa 1.75.

"Mwanangu, mimi nataka 1.25."

"Hizo za nyuma ni namba za kiwandani, mzee. Wewe si unataka 12? Hii hapa 12."

Nikafungua gazeti, nikailaza plagi juu ya tapu, jino kwa jino. Umeme umekatika, kwa hiyo nikawasha tochi ya simu nyuma yake. Jino la kwanza likakaa. La pili likasita. La tatu likapanda juu ya mwenzake, mwanga ukapita katikati. Wakati huo tumeshakuwa watu sita. Machinga wa soksi akasogeza uso. "Kwa macho yangu mimi, zimelingana." Mama wa vitumbua akasema nitoe kidole, namziba.

"Itaingia tu, mzee," akasema kijana.

"Kuingia itaingia! Aluminiamu inakubali chochote! Hata msumari ukigonga utaingia!"

Hakukasirika. Akatoa nyingine, kaishika kwa vidole viwili. "Hii sasa ndiyo yako. Soma: nusu kwa 12. Umeiona 12?"

Nikajikaza, mtu mwenye wajukuu. Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo ni nusu inchi, na 12 ni idadi ya nyuzi ndani ya inchi moja. Nusu inchi ni milimita 12.7.

"Kwa hiyo ni 12."

"Na nukta saba!"

"Hiyo nukta saba nakuongezea bure."

Watu wakashangilia. Ya tatu nayo imeandikwa nusu, lakini ni nene kama milimita 21, maana ni ya mabomba, na nusu inchi ya bomba walihesabu tundu la ndani la mabomba ya kale. Machinga akauliza mbona zote ni nusu na hazilingani. Hapo nikapandisha sauti. Nikawaambia mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alichoka kuona kila karakana na nyuzi zake, akatoa kipimo kimoja, pembe ya jino digrii 55. Wa milimita wakaja na 60. Mmarekani naye nusu inchi yake ina nyuzi 13. Wote hao wamekutana kwenye sanduku hili! Mama wa vitumbua akauliza huyo Whitworth duka lake liko wapi.

Chini kabisa ya misumari ikapatikana 12 kwa 1.25. Inang'aa. Ubavuni imegongwa GERMANI. Nikatoa katupa kadogo mfukoni, nikagusa ukingo wa jino. Chuma kigumu tupa huteleza. Hii tupa iliuma.

"Mzee! Unaniharibia mali! Umeshaichuna, inunue!"

Na wale mashabiki wangu wote wakahamia kwake. Kweli mzee umechuna. Nikasema nirudishiwe plagi yangu niondoke. Plagi imeshazama sandukuni. Akachakura, akaitoa, akaipuliza masizi. "Plagi hii hapa, elfu 5. Imetumika kidogo tu."

Nilipita eneo la Gerezani kwa hasira tu, bila matumaini. Kuna mzee mwenzangu pale anachonga vyuma, tapu zake kazifunga kwenye kitambaa chenye mafuta, tatu tatu: ya kuanzia ina pete moja shingoni, ya pili mbili, ya kumalizia haina. 12 kwa 1.25 anayo. Haiuzi. "Lete hedi," akasema, akaendelea na kazi yake.

Kuleta hedi ni kuifungua, na kuifungua ni spana, na spana zangu ziko kwa jirani. Yule bwana huazima kwa salamu ndefu, atauliza hadi hali ya shangazi, na vitu havirudi. Spana malaya kaisafirisha Morogoro. Jiriwa kaifungia antena. Jana nimemtuma mtoto akamwambie baba anataka keekee yake, jirani kampa chaja. Keekee yangu ni ya kuzungusha kwa mkono!