Kumlea daktari mchanga kwa simu: nani yuko nyuma ya skrini?

Ukiwasikiliza madaktari bingwa wa siku nyingi wakiwazungumzia watarajali wa leo, yaani madaktari wapya walio katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo, lalamiko ni moja: vijana hawamshiki mgonjwa, wanashika simu. Watarajali nao wana lao: mabingwa hawapatikani. Raundi ya asubuhi inapita mbio mbio, mchana bingwa yuko kliniki yake binafsi, na usiku anayejibu ni kundi la WhatsApp. Pande zote mbili zinasema kweli, kwa hiyo kuuliza kama teknolojia ni nzuri au mbaya kwa daktari mchanga hakutufikishi popote.

Tuanze na hilo kundi, maana ndiyo tiba mtandao inayofanya kazi kila usiku bila bajeti wala uzinduzi. Mtarajali anaipiga picha karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, juu ya meza ya manesi, mwanga wa taa umemeza robo yake, kisha anaandika: “Shikamoo dokta, samahani kwa usumbufu. Mzee wa miaka 62, maumivu ya kifua tangu jioni, presha 85/50.” Bingwa aliye nyumbani anajibu kwa kifupi: “Usimpe naitreti. Rudia ECG upande wa kulia.” Jibu ni sahihi. Mshtuko wa moyo ukigusa ventrikali ya kulia, chumba cha chini cha moyo upande huo, naitreti, dawa ya kutanua mishipa ya damu, inaweza kuiporomosha presha iliyokwisha kushuka, na huenda maneno hayo machache yamemwokoa mzee. Lakini kijana amejua cha kufanya bila kujua sababu, na kesho hakuna atakayemuuliza. Tena pembeni mwa karatasi jina la mgonjwa linasomeka, limeshaingia kwenye simu za watu wengi, wakati Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022.

Wanaotetea ulezi wa mbali wana ushahidi mzito kuliko WhatsApp. Mwaka 2003 Dk. Sanjeev Arora, bingwa wa ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alikuwa na foleni ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliosubiri kwa miezi, wengine wakisafiri mbali kumfikia. Badala ya kuwaita wagonjwa, alianza kuwakutanisha madaktari wao kwa video kila wiki. Kila mmoja analeta habari za mgonjwa wake, anahojiwa mbele ya wenzake, anaelekezwa, na wiki nyingine anarudi kueleza kilichotokea. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalihusu wagonjwa 407: kati ya waliotibiwa chuoni walipona asilimia 57.5, na kati ya waliotibiwa na madaktari wa vijijini na magerezani walipona asilimia 58.2. Mtindo huo, Project ECHO, umefika hadi Afrika Mashariki, hasa kwenye VVU na kifua kikuu.

Mimi ushahidi huo naukubali, ila nautilia mpaka. Madaktari wale walikuwa tayari ni madaktari kamili. Walichokosa ni ujuzi wa ugonjwa mmoja, unaofuatiliwa zaidi kwa dawa na majibu ya maabara. Mtarajali anakosa kitu kingine. Chukua kupapasa wengu, jambo la kila siku kwenye wodi zenye malaria, kichocho na selimundu. Unaanzia chini kulia, karibu na kinena, unapanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto huku mgonjwa akivuta pumzi, ukisubiri ukingo uje ukuguse vidole. Ukianzia juu, wengu uliovimba sana utakuwa wote chini ya kiganja chako, ukingo wake hutausikia, nawe utaandika kwamba tumbo ni laini, halina shida. Kwenye video mwalimu atakusikia ukisema “tumbo laini” na ataamini. Kitandani angeuona mkono ulipoanzia.

Akili mnemba nayo imeingia. Mwaka 2025 Penda Health, yenye kliniki za msingi Nairobi, ilichapisha pamoja na OpenAI utafiti wa programu inayosoma anachoandika mtoa huduma na kumwashia rangi: kijani, njano au nyekundu. Katika ziara 39,849 kwenye kliniki 15, waliokuwa na programu walikosea utambuzi wa ugonjwa kwa asilimia 16 pungufu kuliko wasiokuwa nayo, na matibabu kwa asilimia 13 pungufu. Tahadhari mbili: walioandika ndio wenye bidhaa, na kwa upande wa wagonjwa wenyewe kupona, tofauti ya wazi haikuonekana. Kilichonivutia lakini hakikupewa vichwa vya habari. Mwanzoni maonyo mekundu mengi yaliachwa hivyo hivyo. Mambo yalibadilika baada ya wenzao wa kliniki kuteuliwa kuwa mabalozi, kupita na kukaa na mtu mmoja mmoja, na kuwaonyesha jinsi wanavyoitumia. Yaani hata mashine ilihitaji mlezi wa kuipeleka kwa mtumiaji.

Upande wa pili wa shilingi umetoka Poland, mwaka huo huo. Madaktari wanaopima utumbo mpana kwa kamera walizoea kusaidiwa na akili mnemba. Walipofanya kipimo bila msaada huo, kiwango chao cha kugundua uvimbe ambao huweza kugeuka saratani kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Ni utafiti wa kutazama nyuma, kwa hiyo huenda sababu nyingine zimechangia. Hata hivyo hao walikuwa wakongwe, kila mmoja ana vipimo zaidi ya 2,000 mkononi. Mkongwe anapoteza alichokuwa nacho. Kijana aliyeanza na mashine tangu siku ya kwanza, hatutajua hata alichokikosa.

Kuna jambo ambalo mabingwa hawapendi kulisikia: katika huduma za kidijitali zenyewe, wao pia ni wanagenzi. Mama anapiga simu usiku, mtoto wa miaka miwili anakohoa. Mtarajali lazima ajue kumwambia amwinue fulana mtoto akiwa ametulia, ahesabu pumzi kwa dakika nzima, na kwamba kwa umri huo zikifika 40 ni hatari. Lazima ajue pia ni lini aache kuuliza na kusema “mlete sasa hivi.” Hilo ni somo, na wengi wa wanaopaswa kulifundisha hawakufundishwa. Vivyo hivyo kwenye mifumo ya kielektroniki, ambako maelezo ya jana yananakiliwa na kubandikwa leo, mgonjwa aliyetolewa mrija juzi bado anasomeka anao. Bingwa anayemwachia kijana kompyuta kwa kuwa “nyie ndio mnaziweza” amejitoa kwenye ulezi bila kujua.

Kwa hiyo niko wapi? Ulezi wa mbali ufanyike, tena kwa nguvu, kwa sababu bingwa wa figo hatahamia kila mkoa. Lakini mwaka wa utarajali ubaki wa kitandani, na video iwe nyongeza. Kikwazo ni fedha zaidi kuliko intaneti. Mwaka 2024 Kenya madaktari waligoma siku 56, na moja ya hoja kubwa ilikuwa malipo ya watarajali: shilingi 206,000 kwa mwezi za makubaliano, au 70,000 zilizopendekezwa na serikali. Kama hata mwanafunzi tunavutana hivyo, muda wa mwalimu anayejibu simu saa nane usiku nani ameuweka kwenye bajeti?

Ningependa hospitali zianze na orodha ya zamu yenye jina la bingwa wa mbali, saa zake zihesabiwe kama kazi, na kila Ijumaa kesi za wiki zirudishwe mezani ili mtarajali aulizwe kwa nini alifanya alichofanya. Ushauri uandikwe ndani ya faili, jina na saa. Leo jibu linabaki kwenye kundi, faili lina saini ya mtarajali peke yake, na mambo yakiharibika ndiye atakayeitwa na baraza la madaktari. Hapo kwenye saini ndipo natarajia ubishi mkali kutoka kwa mabingwa, kuliko kwenye suala la malipo.