Itifaki yao inanuka moshi

Wakuu, ukifukizwa moshi wa majani asubuhi hapa Melbourne, Australia, kwenye desturi ya wenyeji asilia ya kukaribisha wageni, shati linanuka mkaratusi mpaka treni ya jioni na hakuna anayekushangaa. Kwetu shati likinuka hivyo utaulizwa umetoka kwa mganga gani. Najua kuna mtu tayari anaandika "kakaa ughaibuni kidogo anataka kutufundisha." Subiri kwanza.

Sisi tuna "itifaki imezingatiwa". Mnaijua: dakika 20 za Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, viongozi wa dini, viongozi wa chama. Mzee ambaye babu zake wamezikwa hapohapo lilipopigwa turubai hatajwi. Akibahatika anapewa soda. Australia shughuli nyingi kubwa hufunguliwa na mwenyeji wa asili wa eneo lile, kabla waziri hajashika maiki. Wazee hao huitwa Mjomba na Shangazi hata na asiye damu yao, kama kwetu. Na lazima awe wa palepale. Mzee wa Kinoongar, yaani wenyeji asilia wa Perth, awe na mvi kiasi gani, kwenye ardhi ya Wurundjeri, wenyeji asilia wa Melbourne, ni mgeni kama mimi, hawezi kumkaribisha mtu. Ni kama kumtoa mzee kule Moshi, Kilimanjaro, akatambike kwa Wanyakyusa.

Moshi wenyewe una kazi. Moto huwashwa mapema, kama saa nzima kabla ya wageni, kwa kuni ngumu na bila mafuta ya taa, maana harufu yake itapanda pamoja na moshi. Kinachotakiwa ni makaa, siyo miali. Karai la chuma huwekwa mchanga chini na kuinuliwa juu ya matofali lisiunguze nyasi. Majani ni mabichi. Wurundjeri hutumia aina tatu: jamii ya mwati kwa ajili ya wazee, mkaratusi kwa ajili ya watu wote, na cherry ballart, kimti kinachonyonya mizizi ya miti mingine, kwa ajili ya watoto. (Ndiyo, ndugu wa miwati ya Njombe, na wa mikaratusi ile tunayoilaumu kwa kukausha chemchemi. Huku ndiko kwao.)

Majani hutiwa konzi mbili tatu kwa mara moja. Ukishindilia, makaa yanazimika, unabaki unapuliza huku mgeni rasmi anaangalia saa. Yakiwa makavu yanawaka badala ya kufuka. Watu hupita mmoja mmoja upande moshi unakoelekea, wakijivutia kichwani na kifuani kwa viganja. Mwenye pumu husimama upepo unakotoka, na hakuna anayelazimishwa. Ndani ya jengo kosa ni lilelile: hakuna aliyekumbuka kuzima ving'ora vya moshi. Zimamoto wanafika na magari yao, bili inafuata. Na kiangazi, siku ya marufuku ya moto, bila kibali maalumu karai linabaki tupu.

Ndiyo maana naupenda moshi huu. Maneno ya kutambua wenye ardhi, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuyasema, yamekwisha kuwa "itifaki imezingatiwa" yao: yanasomwa haraka kwenye karatasi, macho chini. Moshi hausomwi haraka. Lazima mtu amtafute mzee mapema, amlipe, akakate majani.

"Huo si utamaduni, ni maigizo ya 1976." Hii hoja wazungu wa huku wanaipenda sana. Ni kweli mwaka huo, Perth, wasanii wenyeji asilia Richard Walley na Ernie Dingo waliwakaribisha wacheza ngoma wa Kimaori, na ukaribisho wa hadharani tunaouona leo ulishika kasi baada ya pale. Lakini kufukiza nyumba ya marehemu ni jambo la kale, hakuna aliyelibuni jukwaani.

"Moshi haurudishi ardhi." Hapo sibishi. Oktoba 2023 karibu asilimia 60 ya wapiga kura walikataa wenyeji asilia wapewe chombo cha kuishauri serikali kikatiba. Wenyeji hao hawafiki asilimia 4 ya watu wote, ila magerezani ni zaidi ya theluthi. Sijasema ni peponi.

"Ushirikina." Ndugu yangu, 2020 tulijifunika mablanketi juu ya nyungu ya mkaratusi na mchaichai, wachungaji na masheikh wamo. Mombasa na Unguja chetezo hakikosekani sebuleni. Aibu yetu siyo ya moshi, ni ya kumpa mzee wa kijiji nafasi ya kwanza mbele ya kiongozi.

Huku mifupa ya mababu inaporudishwa kutoka makumbusho ya Ulaya, hufukizwa na wazao wao. Sisi tuna Songea Mbano, nduna wa Wangoni kwenye Vita vya Maji Maji, aliyenyongwa na Wajerumani 1906. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda mji wa Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa wajukuu zake, lakini kichwa cha babu yao, kinachoaminika kilipelekwa Ujerumani, bado hakijapatikana. Kitakapopatikana, naijua ratiba ya uwanja wa ndege hata kabla haijachapwa: zulia jekundu, bendi, orodha ya Waheshimiwa, na ukoo wa Mbano nyuma ya kamba, safu ya nne.