Mkwe, Kaunda Suti na Tope la Toten

Mkwe hakatazwi. Hushauriwa, tena kwa sauti ya chini, na akiukataa ushauri unasema "sawa, Baba", halafu unatafuta kamba mapema.

Baba mkwe wangu alishuka Tanga kutoka Singida amevaa kaunda suti ya kaki na viatu vyeusi vya kamba vilivyong'arishwa mpaka unaona meno yako, na kwapani amebana ratiba iliyopigwa chapa na kutiwa kwenye plastiki. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Ratiba ilikuwa ya siku mbili na ilibeba nusu ya mkoa: kisiwa cha Toten, mapango ya Amboni, ufukwe wa Raskazone, magofu ya Tongoni, msitu wa Amani. Kwa ramani peke yake haina kasoro. Toten iko mbele ya bandari, ukikaa Bustani ya Jamhuri unaiona. Amboni ni kama kilomita 8 kwa barabara ya Horohoro, Tongoni kama 20 upande wa Pangani, na Amani unakwenda hadi Muheza ndipo unaanza kupanda milima. Kilomita zote zilikuwemo. Kilichosahauliwa ni mwezi.

Mstari wa kwanza ulisomeka: "Saa 1:30 asubuhi, kwenda Toten. Saa 4:00, kurudi (maji yamejaa)." Habari ya maji kujaa saa nne aliipata kwa kijana wa jirani yake, aliyekuja Tanga wiki moja nyuma na kuoga Raskazone. Kijana wa watu hakusema uongo. Ila saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Zidisha mara 7, unapata karibu saa sita, na saa sita na ushei ndiyo safari nzima ya maji kutoka kujaa hadi kupwa. Kwa hiyo ukishika saa ya wiki iliyopita ukaitumia wiki hii, hukukosea kidogo. Umeipindua bahari nzima.

Watu wa pwani hesabu hiyo hawaihitaji hata. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hiyo ni bamvua: maji hujaa sana mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa sana mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, saa zinageuka na bahari haiendi mbali. Usiku ule mwezi ulikuwa mzima, umekaa juu ya Raskazone, kila mwenye macho anauona.

"Baba," nilisema nikivitazama viatu vyake, "labda tuanze na Amboni, Toten tuiweke alasiri. Leo bamvua."

"Mwanangu, maji kujaa na kupwa nimeyafundisha miaka 30. Ni mvuto wa mwezi na jua."

"Ndiyo, Baba."

"Sasa?"

"Sawa, Baba."

Nahodha tuliyempata soko la samaki la Deep Sea, kijana mwenye mashua ya mashine, naye alijaribu. "Mzee wangu, tukifika tukae nusu saa. Saa mbili kamili tuwe tumeng'oa." Mzee akamwonyesha ratiba. Nahodha hakuisoma. Na yeye alivitazama viatu.

Wanaojua huiacha mashua kwenye maji ya magoti, wanakunja suruali na kwenda pwani kwa miguu, viatu mkononi. Ukirudi unakuta chombo bado kinaelea, na maji yakikimbia nahodha anakisogeza nyuma kidogo kidogo. Mzee alikataa katakata. Mwalimu hashuki kwenye chombo pekupeku. Alitaka omo, ile ncha ya mbele ya mashua, iguse mchanga mkavu, na ikagusa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, sisi wote tukitazama.

Bahari haipwi kwa mwendo mmoja. Yagawe maji ya bamvua mafungu 12: saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maji yaliyojaa saa kumi alfajiri, mbio zake kubwa ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, na katika saa mbili hizo nusu nzima ya maji huondoka. Sisi tulishuka humo humo. Tena pwani ya Toten ni bapa upande ule. Bahari ikishuka shubiri moja, ukingo wake unakimbia hatua nyingi.

Kisiwani kuna magofu ya misikiti na makaburi ndani ya vichaka. Mzee alitoa uzi mfukoni akaanza kupima unene wa ukuta wa mawe ya matumbawe. Akapima wa pili. Akapima wa kwanza tena, ahakikishe. Nahodha akapiga mluzi. Akapiga tena. Mimi nikasema, "Baba, nahodha anatuita," nikajibiwa kuwa nahodha asubiri, ameshalipwa.

Tuliporudi saa tatu mashua ilikuwa imelala ubavu, mkuku, ule uti wake wa chini, uko nje. Mbele yake tope tupu, hatua sitini nzima, ndipo bahari ilipoanzia. Mzee akasimama, akauliza kwa sauti ile ya kuuliza nani kafuta ubao: "Nani ameondoa maji?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nahodha akapiga hesabu ya kibaharia, ambayo haina ubishi: chombo kikikwama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, kitaelea saa moja na nusu baada ya hapo. Chetu kilikwama saa mbili na nusu, maji yanapwa saa nne, basi tutaelea saa tano na nusu. Tukae kivulini, tunywe chai ya chupa. Lakini ratiba ilisema saa tano na nusu tuwe ndani ya pango. Na kule ukingoni, kwenye maji, kulikuwa na mtumbwi wa vijana wanaotafuta kaa koko. Mzee akaupungia mkono, akakunja ratiba, akaanza safari.

Tope la mikoko si la aina moja. Chini ya mchu, mti wa jamii ya mikoko, pale mizizi ya kupumulia inapochomoza wima kutoka ardhini, chini kunashika, mtu anapita, ingawa miguu mitupu itaumia. Kwenye mikoko yenyewe mizizi inabeba uzito, ila imejaa chaza wanaokata nyama mara moja. Pabaya ni pale peupe mbele ya miti: tope laini, jeusi, lenye harufu ya yai viza, kwa sababu majani yanaoza humo pasipo hewa. Ukiona peupe pametulia na panang'aa, zunguka. Mzee alipita katikati. "Njia fupi baina ya nukta mbili ni mstari ulionyooka," alisema, na hatua ya tatu akazama vifundo. Ya tano, miundi. Ya saba, magoti. Ya nane haikuwepo.

"Baba, usivute mguu juu!" nilipiga kelele. Akauvuta. Kila mtu huuvuta. Ukivuta wima, chini ya unyayo panabaki utupu, hewa haiingii, na tope linakunyonya chini kwa nguvu ileile unayovutia. Mguu mmoja ukipanda kidole kimoja, wa pili unashuka vidole vitatu. Kiatu cha kamba ndicho kibaya kuliko vyote, maana kandambili ungeiacha ukaenda zako. Mzee alitua mapajani, ratiba ameiinua juu ya kichwa.

Simu ikalia. Mke wangu.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko baharini."

"Anafurahi?"

"Ametulia."

Kumtoa mtu topeni kuna utaratibu. Unalaza mbao ili uzito wako uenee, nasi tuling'oa mbili za sakafu ya mashua. Unamwekea kitu cha kuegemea, na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, likalazwa kifuani pake. Kisha aliyekwama akae chini, ndiyo, akae kwenye tope, aegemee nyuma, atikise mguu taratibu kwa kuuzungusha ili maji yapenye pembeni. Msaidizi anachimba kwa mikono kuuzunguka mguu. Mguu mmoja kwanza, ukitoka unalazwa juu ya ubao, ndipo wa pili.

Vitabu havisemi afanye nini msaidizi ambaye ni mkwe. Mkono wa Mzee nilikuwa na ruhusa ya kuushika kwa shikamoo. Kiuno sikuwa nacho mamlaka. Kazi ikabidi aifanye nahodha, mimi nikawa mpokea mbao. Baada ya muda nahodha akakohoa.

"Mzee wangu, legeza mkanda."

"Mkanda wa nini?"

"Suruali imejaa tope. Inakurudisha chini."

Kimya. Mzee akanitazama. Mimi nikageuka nikaitazama hospitali ya Bombo ng'ambo ya maji. Niliitazama kwa bidii ambayo sijawahi kuitazamia jengo lolote, naweza kukuchorea madirisha yake. Nyuma yangu nilisikia "moja, mbili", kisha mlio mrefu wa tope kuachia, kisha nahodha akisema kwa heshima: "Suruali imebaki."

Akinamama wawili waliokuwa wakiokota tondo, konokono wa mikokoni, pembeni, wanaopita tope hilo kila bamvua bila kuloa magoti, walikuwa nao wamegeuka, mabega yanatikisika. Mmoja akarusha kanga bila kuangalia. Mzee akajifunga, na kwa kuwa mwalimu hawezi kupita maandishi bila kuyasoma, akayasoma kwa sauti: "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Nahodha akaanza kuchunguza mashine.

Vijana wa kaa walifika na nondo yao iliyopindwa ncha, wakaopoa suruali na kiatu cha kulia. Ndani ya suruali mlikuwa na kaa koko mzima. Suruali waliitoa bure, kaa wakataka alipiwe. Kiatu cha kushoto mpaka leo ni mali ya Toten. Mashua ilielea saa tano na dakika 32, na Mzee, mwenye kanga, alitazama saa yake akatangaza kwamba nahodha amekosea dakika mbili.

Amboni tulifika jioni, ikawa haraka haraka: tochi, sehemu za kuinama, popo. Kesho yake tukapanda Amani, Mzee ndani ya buti zangu za mpira, suruali ameichomeka kwenye soksi kwa ajili ya siafu. Bustani ile ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na ndani ya msitu bado kuna vile viua vya zambarau vya Usambara ambavyo leo vinakaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya. Mzee aliandika yote. Tulipofika Mto Zigi, ambao maji yake hushuka mpaka mabombani Tanga mjini, akasimama mbali na ukingo.

"Huu unapwa saa ngapi?"

Kijana aliyetuongoza akacheka kidogo. "Mzee, huu mto wa mlimani. Haupwi."

Mzee akafungua kalamu, akamkazia macho.

"Umeona mwenyewe, au umeambiwa na mtoto wa jirani?"