Mshika Mbili

Kila nikilalamika, watu wananirushia methali ileile: mshika mbili moja humponyoka. Jamani, mimi napiga piano! Nisiposhika mbili, upande wa besi apige nani?

Mchana nasoma uhandisi wa ujenzi. Jioni nasoma muziki, na huko kuna gredi nane, kila moja na mtihani wake, kana kwamba chuoni mitihani imeadimika. Piano ina vibonye 88. Nilivihesabu mwenyewe, usiku wa kuamkia jaribio la hisabati.

Sasa kichwani vitu vimeshaingiliana. Kipindi cha mitetemo, mhadhiri kagonga uma wa sauti, akauliza, "Nani anaijua sauti hii?" Nikawahi: "A!" Akangoja nimalizie sentensi. Kumbe alitaka masafa, yaani mitetemo kwa sekunde: hezi 440. Si ndiyo hiyohiyo noti ya A, mzee wangu? Darasa zima likacheka.

Kwa mwalimu wa muziki nako kaniambia niimbe noti ya tano kutoka do. Nikaanza kumweleza kwamba ukiufupisha waya ukabaki theluthi mbili... "Mwanangu, nimesema imba. Sijaita fundi."

Chumbani napigia kinanda cha umeme kwa hedifoni, nisimkere mwenzangu. Yeye muziki hausikii, anasikia vibonye tu: to, to, to, mpaka saa saba usiku. Juzi kaniomba kwa unyenyekevu nivue hedifoni, angalau ajue anakoseshwa usingizi na wimbo gani. Nikavua. Ilikuwa skeli: do, re, mi, kupanda na kushuka.

Mfariji wangu ni Alexander Borodin, mtunzi wa Urusi aliyekuwa profesa wa kemia. Nafasi ya kutunga aliipata akiugua, maana mgonjwa hafundishi. Basi rafiki zake wanamuziki wakawa wanamtakia maradhi badala ya afya! Opera yake moja aliianza 1869, akafa 1887 haijaisha, wenzake wakaimalizia. Miaka 18! Mimi ripoti ya zege nimeichelewesha siku mbili tu, nimeitwa ofisini.

Kosa langu ni kumsimulia mwalimu wa muziki habari hizi. Jana nimeingia kwake nakohoa, kifua kinawaka moto. Akanivutia kiti, uso umemchanua kama kapata mjukuu.

"Pole sana, mwanangu. Kwa hiyo kesho chuo huendi, siyo?"