Wenye baipola wapimwe na moyo pia

Nimesoma makala yenu kuhusu baipola, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu awe na msisimko uliopita kiasi na wakati mwingine azame kwenye sonona, yaani huzuni nzito. Imeeleza vizuri kwamba wenye ugonjwa huu huishi miaka michache kuliko watu wengine, lakini lawama karibu yote imeitupia kujiua. Kujiua kupo, na kunatisha. Ila wengi wanafariki kwa magonjwa ya moyo na kiharusi, tena mapema kuliko wenzao. Baadhi ya dawa huongeza uzito na sukari, sigara nayo imo, na kipindi cha sonona humwacha mtu hana nguvu hata ya kutoka kitandani, sembuse kwenda kupima presha. Halafu akifika hospitali akasema kifua kinambana, anaweza kuambiwa ni wasiwasi tu! Hilo linaniuma sana.

Mdogo wangu anatumia lithiamu, dawa iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huu tangu 1949 na ambayo hupunguza hatari ya kujiua. Lazima damu ipimwe mara kwa mara, kuangalia kiwango cha dawa, figo na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Sindano imeshachomwa, kwa nini sukari na mafuta visiangaliwe siku hiyohiyo? Na ndugu jamani, msimwachishe mgonjwa dawa kwa kuwa mmemwona ametulia. Lithiamu ikikatizwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo.