Kaiti Iliyokunjika Juu ya Shamba la Mwani

Siku hiyo kusi la Paje, Zanzibar, lilikuwa likivuma kilomita 50 kwa saa. Mgeni wetu akatoa kaiti, tanga lenye mabomba ya kujazwa hewa linalomvuta mtu juu ya ubao baharini. Ya mita 5 za mraba, bado inanukia dukani. Akapiga pampu kidogo, akalibonyeza bomba la mbele kwa dole gumba, akasema, "Inatosha. Ndogo hii, itapasuka."

Geji ilisoma psi 5, kipimo cha presha ya hewa. Nikamwambia ndogo ndiyo inayotaka kujazwa zaidi. Ya mita 12 husimama kwa 6 au 7. Hii itie 8 mpaka 9, usipite namba iliyochapwa karibu na valvu. Bomba likipungua unene kwa moja ya tano tu, nguvu yake ya kukataa kukunjika hushuka hadi nusu, na cha kuziba pengo hilo ni presha. Akanijibu kwamba kwao yeye ni mhandisi.

Mhandisi akaenda.

Ilimvumilia kidogo. Lakini hewa aliyoijaza juani, kwenye mchanga unaochoma, ilipoa kwa maji ya bahari. Joto likishuka nyuzi 13, karibu psi 1 inaweza kupotea. Upepo ukaja kwa pigo moja, naye kwa hofu akavuta mpini wa kuiongozea kaiti mpaka kifuani. Kamba za nyuma zikazivuta ncha zote mbili kwa pamoja, kaiti ikajikunja katikati kama mkeka baada ya maulidi. Ikafunguka kwa kishindo, ikamburura mpaka kwenye vijiti vya mwani vya bibi mmoja aliyekuwa akivuna.

"Shikamoo," akasema mgeni, maana ndilo neno alilofundishwa hotelini.

"Marahaba. Mwanangu, hapa tunapanda mwani, hatupandi watu."

Bibi akamfuata hadi pwani kudai kamba zake mbili zilizokatika. Tukapiga pampu hadi 9, geji tukiisoma mkono umetulia, kwa sababu ukisukuma inasoma presha ya pampu, si ya kaiti. Tukabana vipira vinavyounganisha bomba la mbele na mbavu, yale mabomba madogo yanayoipa kaiti umbo, ili ubavu mmoja ukitoboka usinyonye hewa yote. Kamba za nyuma, zilizokuwa fupi mno, tukazirefusha kwa fundo moja. Kisha tukailoweka ipoe.

Bibi akalipiga bomba kwa kidole, akatega sikio.

"Bado."

Geji ikasema 8. Mhandisi akarudi kwenye pampu bila kufungua mdomo.