Nyota isiyokuwepo, mshtuko uliopo

Tarehe 28 Aprili 2020 magneta (nyota ndogo ya nyutroni yenye sumaku kali mno) iitwayo SGR 1935+2154, iliyomo katika galaksi yetu, ilitoa mlipuko mfupi wa mawimbi ya redio ulioambatana na eksirei. Tangu hapo mabishano hayajapoa: redio ile ilizaliwa karibu na nyota, au katika wimbi la mshtuko lililo mbali nayo?

Wanaoiga mishtuko hiyo kwa kompyuta, chembe kwa chembe, wanalaumiwa kwamba nyota wanayoichora haipo. Ni kweli, haipo. Magneta ina uga wa sumaku wa gausi (kipimo cha nguvu ya sumaku) trilioni 100 na zaidi. Elektroni humo huzunguka kwenye duara dogo mno, ilhali nyota ina upana wa kilomita 20 hivi. Kompyuta haiwezi kufuata vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo uga hupunguzwa mara nyingi sana. Wakosoaji wanaona heri milinganyo inayoichukulia plazima (gesi ya chembe zenye chaji) kama haina uzito, kwa kuwa hiyo inaubeba uga kamili.

Lakini tazama hesabu hii. Wimbi la sumaku na umeme linaondoka kwenye uso wa nyota likiwa sehemu moja tu kati ya 10,000 ya uga wa pale. Ni kama unyoya. Kila umbali kutoka kitovu unapokuwa maradufu, wimbi hubaki nusu, uga wa nyota hubaki thumuni. Kwenye umbali wa nusu kipenyo 10 za nyota, wimbi tayari ni sehemu moja kati ya 100 ya uga. Kwenye 70 hivi, yaani kilomita 700, limefikia nusu ya uga. Hapo, upande wa wimbi unaopingana na uga wa nyota, umeme unalingana na sumaku iliyobaki, na milinganyo isiyojua uzito wa chembe inakwama. Chembe zinarushwa, wimbi linasimama wima, mshtuko unazaliwa. Kinachoamua ni uwiano, na uwiano huo waweza kutunzwa hata uga ukipunguzwa.

Kwenye mionzi wakosoaji wana haki. Katika uga halisi chembe hupoteza nishati upesi mno, na miale ya gama huzaa elektroni na pozitroni (pacha zao zenye chaji chanya) mpya. Hayo hayapungui sambamba na uga. Sharti yaingizwe kwenye programu kwa makusudi, na kazi hiyo ni ngumu. Hata hivyo, ni kazi ya kuongeza kinachokosekana. Anayeshika milinganyo isiyo na uzito peke yake atachora wimbi likivuka kilomita 700 kana kwamba hapakutokea kitu.